Spea za pikipiki ya cc 100 hadi 150: za kubeba, za kuweka nyumbani na za kuacha dukani

Spea ya kubeba safarini inapimwa kwa mambo mawili. Kwanza, ile iliyofungwa ikifa haikupi taarifa ya maana mapema. Pili, unaweza kuibadilisha kando ya barabara kwa spana tatu nne. Breki shu haziingii hapo, maana zinaisha polepole na mshale kwenye sahani ya breki unakuonyesha zilipofikia. Pistoni haiingii, maana hata ukiwa nayo huwezi kufungua injini vumbini. Kwa kipimo hicho orodha inakuwa fupi kuliko wengi wanavyodhani, na baadhi ya vitu vinavyosifiwa sana kama spea za dharura vinaanguka.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za silinda moja zinazopozwa kwa hewa, zenye kabureta na cheni. Za kuingiza mafuta kwa umeme zitatajwa kwa kifupi, kwa sababu nyingi ya hitilafu zake haziponi kwa spea ya mfukoni.

Waya wa klachi

Ukibeba spea moja tu, iwe hii. Pikipiki ya klachi ya otomatiki haina waya huu. Hizo nyingine zote zitaukata siku moja.

Waya wa klachi mara chache hukatika katikati. Hukatika kwenye leva, pale kichwa cha waya kinapokaa ndani ya tundu lake. Kichwa hicho kinatakiwa kizunguke kila unapobana leva. Kikikauka au kikishikwa na vumbi hakizunguki tena, na badala yake waya wenyewe unapinda mahali palepale maelfu ya mara, nyuzi zikikatika mmoja baada ya mwingine. Dalili ni ndogo: leva inakwaruza kidogo, au unajikuta unarudia kurekebisha nati ya leva kila baada ya siku chache. Tone la oili kwenye kichwa cha waya kila unapogusa cheni linaongeza maisha yake kuliko kununua waya wa bei ya juu.

Dukani, usilinganishe urefu wa ganda peke yake. Kinachoamua ni urefu wa waya unaobaki nje ya ganda. Weka wa zamani na mpya sambamba, vuta zote mpaka mwisho, kisha linganisha sehemu iliyo nje. Tofauti ya milimita 10 inaweza kumaliza nafasi yote ya marekebisho, ukabaki na klachi isiyokata au isiyoshika. Halafu kunja waya mpya uwe mduara wa upana wa viganja viwili na usukume uzi wa ndani. Ukikwama, rudisha. Tazama pia kichwa: nyuzi zinatakiwa ziwe zimechanuka ndani ya risasi iliyojaa. Kichwa kilichobandikwa juu juu kitachomoka kabla nyuzi hazijakatika.

Mahali pazuri pa kuhifadhi waya huu si kwenye mkoba. Upitishe kwenye fremu sambamba na ule unaotumika, ziba ncha zote mbili kwa utepe ili maji yasiingie, ufunge kwa kamba za plastiki. Ukikatika wa kwanza, kazi inabaki kuunganisha ncha mbili na kurekebisha nafasi ya bure hadi milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha ya leva. Kabla ya kukaza kamba hizo geuza usukani kulia na kushoto hadi mwisho, uone kama waya haubanwi kwenye shingo ya fremu.

Waya wa eksileta ni habari nyingine. Hukatika mara chache zaidi, na ukikatika unaweza kupandisha skrubu ya sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujagusa eksileta) kwenye kabureta, injini ikazunguka juu kidogo, ukajikokota kwa gia ya kwanza au ya pili. Badala ya waya mzima beba kichwa kimoja cha skrubu, kile kinachobanwa kwenye waya kwa bisibisi. 

Kiungo cha cheni

Cheni ikikatika, mara nyingi kilichokufa ni kiungo cha klipu, na sababu yake ni ufungaji. Klipu ina upande uliofunga na upande ulio wazi. Upande uliofunga unatangulia mbele kwa mwendo wa cheni. Kwa hiyo ukiifunga kwenye sehemu ya juu ya cheni, upande huo unatazama gurudumu la mbele. Ukiifunga kwenye sehemu ya chini, unatazama nyuma. Ikiwa kinyume, chochote kitakachogusa cheni kinaweza kuisukuma klipu itoke.

Beba viungo viwili, vyenye namba ileile iliyogongwa kwenye cheni yako. Hapa ndipo watu huuziwa kisichofaa. Cheni ya 428 na ya 428H zote zina milimita 12.7 kati ya pini na pini, lakini sahani za 428H ni nene zaidi. Kiungo cha 428 ya kawaida kwenye cheni ya H kina pini fupi, na klipu haikai ndani ya mfereji wake. Itaonekana imeingia, kisha itaruka. Cheni ya 420 nayo ina umbali huohuo wa pini lakini ni nyembamba kwa ndani, kwa hiyo haiingiliani na 428 kabisa. Kama cheni yako ina oringi (pete ndogo za mpira), kiungo chake kinakuja na oringi nne. Ukikuta tatu kwenye pakiti usinunue.

Kiungo cha klipu ni pingili ya nje. Maana yake, sahani ya nje ikivunjika, kiungo kimoja kinatosha kuziba pengo. Ikivunjika pingili ya ndani, unahitaji pingili moja ya ndani na viungo viwili, kimoja kila upande. Kata pingili hiyo kutoka kwenye cheni chakavu lakini isiyolegea sana, uiweke pamoja na viungo. Bila kikamua pini, hata hivyo, huna la kufanya. Vile vidogo vya mkono vya 420 hadi 530 vinatosha kwa kazi hii ingawa vingine ncha yake inapinda haraka. Saga kwanza vichwa vya pini kama una tupa, na ncha itadumu.

Kiungo kipya hakiokoi cheni iliyokwisha. Pima: pingili 20 za cheni ya 428 mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imeliwa kwa asilimia 2, na wakati huo meno ya sproketi yameanza kulala upande mmoja. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye sproketi ya zamani inakula meno yasiyolingana nayo na kuchakaa mapema, na akiba uliyodhani umeipata inapotea.

Kulegea kunakokubalika kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 20 hadi 30, ukipimia katikati ya cheni ya chini. Zungusha gurudumu utafute mahali cheni inapokaza zaidi, upimie hapo. Anayepimia mahali palipolegea huikaza mno, na mzigo unahamia kwenye beringi ya gia boksi.

Plagi, kofia yake na waya wake

Plagi moja mpya, ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa plagi za NGK herufi ya kwanza inaeleza unene wa uzi: C ni milimita 10, D ni 12, B ni 14. Namba inayofuata inaeleza joto, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyopoa haraka zaidi. Kwa hiyo D8EA na D7EA zinaingia tundu moja lakini hazifanyi kazi sawa. Herufi R inamaanisha kuna kizuizi ndani, na 9 ya mwisho baada ya kistari inamaanisha pengo la milimita 0.9. Kwa D8EA pengo ni 0.6 hadi 0.7. Kampuni nyingine, kama Denso, zina mfumo wao wa namba, kwa hiyo tumia jedwali la kulinganisha, usikisie kwa macho.

Plagi feki ni nyingi, na zinatambulika ukiwa nayo mkononi: uzi wenye ukwaruzo, fimbo ya juu iliyokaa upande badala ya kuwa katikati, maandishi yanayofutika kwa kidole, na washa (pete ya chuma ya kuzibia) inayochomoka yenyewe ukiigeuza plagi. Kwenye plagi halali washa imeshikwa na haitoki kirahisi.

Ya iridiamu haihitajiki kama spea. Ni nzuri kwenye injini iliyo sawa, lakini kwenye injini inayokula oili au yenye kabureta mbovu inaziba kwa masizi kama ya kawaida, tena huwezi kuisugua kwa brashi ya chuma bila kuharibu ncha yake.

Kabla ya kubadilisha, soma ya zamani. Kahawia au kijivu ni sawa. Nyeusi kavu ni mafuta mengi au filta ya hewa iliyoziba. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni pete au sili za valvu. Nyeupe ni mafuta haba au hewa inayovuja, na hiyo usiipuuze, maana injini inaungua. Fungua plagi injini ikiwa imepoa kiasi. Mpya iingize kwa vidole mpaka washa iguse, kisha kaza nusu mzunguko kwa spana yake. Spana hiyo ni namba 18 kwa plagi za D na 16 kwa za C, na bila hiyo plagi uliyobeba ni pambo.

Kofia ya plagi haisifiwi lakini inastahili nafasi yake mkobani. Ndiyo inayofanya pikipiki imisi (injini ikatekate) wakati wa mvua, fundi akabadilisha kabureta bure. Nyingi zina kizuizi cha takribani kiloomu 5 na hupimika kwa multimita. Isiposoma kitu chochote imekufa. Ichomoe kwa kuizungusha, kata milimita 5 hadi 10 za waya wa koili upate shaba safi, kisha zungusha mpya iingie. Jambo la dakika mbili.

CDI: kabla hujainunua

Hakuna spea inayonunuliwa bila sababu kama CDI, boksi la umeme linaloamua plagi itoe cheche lini. Cheche ikipotea, inashtakiwa kwanza, kwa sababu ni boksi jeusi lisilofunguka na kuibadilisha ni rahisi. Mara nyingi haina kosa.

Fuata mpangilio huu. Anza na plagi mpya, kisha kofia. Halafu swichi ya kuzimia kwenye usukani na swichi ya ufunguo: kwenye pikipiki za CDI ya mkondo geu (AC), waya wa kuzimia unazima injini kwa kugusa bodi. Kwenye nyingi za mfumo wa Honda na nakala zake ni mweusi wenye mstari mweupe. Chomoa waya huo kwenye CDI, piga kiki. Cheche ikirudi, tatizo ni swichi au waya uliochubuka, na CDI ni nzima. Kumbuka tu kwamba injini haitazimika kwa ufunguo. Utaizima kwa kushika breki ukiwa kwenye gia na kuachia klachi. Cheche isiporudi, fungua soketi zote za CDI, koili na magneti, safisha kutu, funga tena. Baada ya hapo pima koili ya mapigo iliyo kwenye magneti. Kwa nyingi usomaji uko kati ya omu 100 na 200, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho cha mwisho. Ikisoma sifuri au haisomi kabisa, umeipata hitilafu. Kama yote hayo ni mazima, sasa shuku CDI.

Ukiamua kuinunua, umbo la soketi lisikudanganye. Zipo CDI za mkondo geu zinazolishwa na koili yake kwenye magneti, na zipo za mkondo mnyoofu (DC) zinazolishwa na betri ya volti 12. Zinaweza kufanana kwa nje, hata idadi ya pini, lakini ukizibadilishana pikipiki haiwaki na CDI inaweza kuungua hapohapo. Njia ya kujua: chomoa betri kabisa. Pikipiki ikiwaka kwa kiki bila betri, karibu hakika ni ya mkondo geu.

Uamuzi wetu ni kwamba CDI ibebwe na anayefanya safari ndefu mbali na mafundi, tena ikiwa imefungwa kwanza kwenye pikipiki hiyohiyo na kuendeshwa siku nzima. CDI ambayo haijawahi kujaribiwa si spea. Zile zinazoitwa za mbio ziache: nyingi zimeondolewa kikomo cha mzunguko wa injini, na springi za valvu za injini hizi hazikutengenezwa kwa hilo.

Tyubu

Tyubu moja inatosha ukichagua vizuri. Kama magurudumu yote ni ya ukubwa mmoja, nunua iliyoandikwa saizi mbili, kwa mfano 2.75/3.00-17. Yakitofautiana, chukua ya gurudumu la nyuma, ndilo linalotoboka zaidi. Tyubu ya 18 ikiingizwa kwenye rimu ya 17 kwa dharura itakufikisha ukienda taratibu, bora isijikunje ndani. Ya butili inashika upepo muda mrefu kuliko ya mpira asilia.

Valvu iliyochanika shinani haizibiki kwa kiraka, na ndiyo sababu hasa ya kubeba tyubu nzima badala ya viraka peke yake. Inachanika kwa sababu tairi lina upepo kidogo, linateleza kwenye rimu ukikaza mafuta au ukishika breki, na kuvuta tyubu pamoja nalo. Ukiona valvu imelala upande, toa upepo, zungusha tairi irudi wima, kisha jaza kwa kiwango cha kitabu.

Maji ya kuziba matundu yanayomiminwa ndani ya tyubu hatuyapendekezi. Kwenye tyubu tundu linapanuka na kuchanika, maji hayashiki, na baadaye kiraka hakigandi kwa sababu ya utelezi. Gundi ya viraka nayo ikishafunguliwa inakauka ndani ya mrija. Bonyeza uone kabla ya safari.

Fungia tyubu kwenye kitambaa kizito ukiipaka poda. Ikikaa uchi pamoja na spana, mtetemo unaitoboa kabla haijafika kwenye rimu.

Vidogo

Fyuzi tatu za namba ileile, kwa kawaida ampia 10 au 15. Ikiungua ya pili mara tu baada ya ya kwanza, usiweke ya tatu. Tafuta waya uliochubuka shingoni mwa usukani, chini ya kiti au kwenye taa ya nyuma. Balbu moja ya nyuma ya 21/5W. Leva ya klachi, kwa kuwa pikipiki ikianguka ndiyo ya kwanza kuvunjika. Ukiacha boliti za kishikio chake zimekazwa kiasi, kishikio kitageuka badala ya leva kukatika. Boliti chache za M6 na M8, zinazofunguliwa kwa spana 10 na 12 kwenye pikipiki za Kijapani. Mita moja ya waya wa umeme, utepe, kamba za plastiki.

Za kuweka nyumbani

Breki shu, ila kwa uangalifu. Tatizo la shu za hovyo si kuisha haraka. Bitana yake inabanduka kwenye aluminiamu, inajikunja ndani ya ngoma na kufunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Tazama mstari wa gundi ubavuni: ukiona pengo, hata la unene wa wembe, usifunge.

Beringi za magurudumu, kwa namba iliyogongwa ubavuni. 6301 na 6302 huonekana sana, lakini usinunue kwa kukisia. Chukua zenye alama 2RS, maana zina mpira pande zote mbili na huzuia tope kuliko zenye kifuniko cha bati cha ZZ. Unapogonga iingie, gonga ukingo wa nje tu. Bomba linalokaa katikati ya beringi mbili lisisahaulike, kwa sababu bila hilo ukikaza ekseli unazibana kwa ubavu na hazimalizi mwezi.

Regureta, kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, haibebwi, inapimwa. Weka multimita kwenye betri, pandisha injini hadi mzunguko wa 5,000 hivi. Volti 13.5 hadi 14.8 ni sawa. Zikizidi 15, betri inachemka na balbu zinaungua moja baada ya nyingine. Zisipofika 13, anza na soketi yake. Plastiki iliyobadilika rangi inaeleza kila kitu.

Raba ya kuunganisha kabureta na injini, na sindano ya boya inayofunga petroli kabureta ikijaa. Raba ikipasuka, hewa inavuja na sailensa inapanda yenyewe. Sindano ikilika, petroli inamwagika kwenye mrija wa ziada. Jeti ndogo (kitundu cha kupitishia petroli) ikiziba, isafishe kwa hewa au uzi laini wa shaba. Waya wa chuma unapanua tundu na jeti inakuwa takataka.

Oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ya gari yenye viongeza vya kupunguza msuguano huteleza klachi, kwa sababu klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo. Injini hizi zinabeba lita moja hivi, kwa hiyo upungufu wa mililita 300 ni karibu theluthi nzima.

Kwa pikipiki ya kuingiza mafuta kwa umeme, ongeza rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) moja na fyuzi zake, na betri iwe nzima daima. Pampu ya mafuta ikifa njiani, kinachohitajika ni usafiri wa kuibebea pikipiki.

Kuhusu upakiaji: vitu vya umeme viwe kwenye mfuko usiopitisha maji, vikiwa mbali na betri ya maji, kwa sababu mvuke wa asidi unakula pini za CDI na shaba ya fyuzi. Viungo vya cheni vikae kwenye kichupa chenye oili kidogo. Na kila ukibadilisha oili ya injini, toa mkoba wote, kagua gundi, plagi na tyubu, urudishe.